Triko ya Mzinga

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Bulengera, nafuma soksi, chai pembeni, redio ya jirani ikituimbia sote. Nyuki mmoja akaja akatua juu ya sufu yangu ya njano. Alitembea kidogo, akaona hapa hakuna ua, akaenda zake. Nilicheka peke yangu. Nyuki yule alinirudisha Kipese, nyumbani kwa nyanya, likizo ile nilipokuwa na miaka tisa na ndoto moja tu: kufuga nyuki nyuma ya jiko lake.

Kama hujafika Kipese, nikuambie, baridi ya kule haina adabu. Saa sita mchana watu wako shambani na triko, sweta za sufu, mwilini. Asubuhi tulichuma njegere vidole vikiganda, kisha tukala viazi vya moto na maharagwe, maganda tukawatupia mbuzi. Alasiri nyanya alinifundisha kufuma, kwa sindano alizojitengenezea kutoka spoki za baiskeli. Naupenda mlio wa sindano zile mpaka leo. Nilikuwa mzito wa kujifunza. Nikikosea, alifumua mstari mzima, akanirudishia, akatazama pembeni kama mtu asiyejua kitu.

Mzinga nilipewa na jirani yake, fundi wa nyuki. Lilikuwa gogo kuukuu lililotobolewa, limeshaanza kupasuka. Alilipaka nta ndani na kuniambia nyuki watafuata harufu. Nyanya hakufurahi, aliwaogopea mbuzi wake. Akasema mzinga utakaa mpaka mwisho wa mavuno ya njegere, na ukibaki mtupu ataupasua kuni. Nyanya alikuwa hasemi kitu kwa mchezo.

Kila asubuhi niliinama nyuma ya jiko, mbele ya tundu la mzinga. Waliingia sisimizi tu. Njegere zilikuwa zinakwisha shambani na mimi roho juu. Nikafikiri sana, nikapata jibu langu mwenyewe: nyuki wanaogopa baridi. Nani angekubali kuhamia nyumba isiyo na joto, tena Kipese? Triko yangu ya shule, ya bluu, nyanya alikuwa ndiyo kwanza ameimaliza. Nikauvisha mzinga. Iliukaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi. Mkono mmoja nikauelekeza kwenye tundu uwe mlango, mwingine nikaufunga kwa kamba upepo usipite. Nilijiona fundi kabisa.

Siku ya mwisho ya njegere nyanya alishika shoka, akamwita jirani amsaidie kuuondoa mzinga. Triko ile alikuwa ameitafuta siku tatu, hata mbuzi mmoja alishukiwa. Sasa aliikuta pale. Jirani akapapasa ndani ya ule mkono, akatoa nyuki wawili waliokufa, miguu imenasa kwenye sufu.

"Mama, nyuki zilikuwa zinakuja," akasema. "Lakini miguu yao inakamatwa mu sufu. Huyu mutoto amezifungia mulango."

Nililia hapo hapo, na wala haikuwa kwa kuogopa fimbo. Niliona nimewaua wageni niliowaita mwenyewe. Nyanya akalaza shoka chini, akauvua mzinga triko polepole, akaikung'uta, akainusa.

"Tungoje mpaka mvua," akasema. "Lakini triko ni ya mutoto, hapana ya nyuki."

Walikuja kabla ya mvua, mikaratusi ilipochanua. Kundi zima lilivuma juu ya paa mchana kweupe, mpaka kuku wakakimbilia jikoni. Nilirukaruka kwa furaha nikaangukia matuta ya vitunguu. Nyanya aliwafungia mbuzi wake kwanza, kisha akaja kusimama kando yangu, na nikamwona anacheka, kiganja mdomoni. Nilirudi kwa wazazi wangu Butembo na triko inayonuka nta, na darasani wenzangu walipanga foleni kuinusa. Asali ya kwanza tuliila likizo iliyofuata, juu ya viazi vya moto, na sijala kitu kitamu kama kile tena.

Nyanya tulimzika zamani. Mikaratusi ilikatwa mbao, na mzinga hakuna anayejua uliishia wapi. Mimi bado naota kufuga nyuki hapa nyumbani. Ua wangu ni mdogo, jirani tuko ukuta kwa ukuta, na kila ninayemwambia anacheka, wa kwanza mume wangu. Mzinga naweza kuupata hata kesho. Ninayemkosa ni nyanya, anikatalie kwanza, ashike shoka lake, halafu aniongezee siku.