Herufi Moja Nyekundu

Mchoraji yule hupangusia brashi kwenye paja la kulia, mpaka suruali yake husimama yenyewe akiivua. Alianza na mabango ya maduka, akaingia kwenye sura za watu, na sasa uzeeni anachora mawingu tu, lakini mwendo wake ni uleule: anarudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho moja, anaiambia picha, "Haya mama, tuendelee." Ukimuuliza sanaa ni nini, anakohoa kwanza. "Ni kosa lililofunikwa vizuri. Ukikosea, paka juu yake, maisha yaendelee." Hata hivyo, kuna mtaa mmoja anaouzunguka kwa mbali asiupite, kwa miguu yake mibovu, mwaka wa thelathini huu. Ujanani alimwandikia dobi wa pale bango, na badala ya "Hapa tunafua nguo" akaandika "Hapa tunavua nguo". Mji mzima ukavunjika mbavu.

Jana asubuhi binti wa yule dobi, mtu mzima sasa, akamletea bango lenyewe, limepauka. Mzee hata salamu hakuitikia. Akachukua kopo la rangi nyeupe aifunike ile V. Binti akamdaka mkono. "Babu, unataka tufe njaa? Watu wanakuja kucheka, kesho yake wanarudi na mashuka. Mimi nataka ling'ae tu." Mchoraji akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja. Kisha akaipaka V rangi nyekundu, polepole kama anayemchana mtoto nywele, na alipomaliza akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kwenye bango la duka: akatia sahihi yake.