Sanduku la Kijani la Mbugangari

Niliporudi Rwanda kutoka Tanzania, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuja na cherehani nne na kiburi cha kujaza lori. Nilifungua karakana ya kushonea sare za shule pale Mbugangari, mtaa wa Gisenyi unaopakana na Goma ya Kongo, nikaajiri akina mama watano: wanne wa kushona na mmoja wa kukata vitambaa. Wakaanza kuniita patron, yaani bosi. Neno hilo lilinipanda kichwani kabla ya wiki kwisha.

Huko Tanzania niliwahi kuwa karani katika ofisi iliyokuwa na sanduku la maoni mlangoni. Nikajiambia hiyo ndiyo itakuwa tofauti yangu na mapatron wenzangu wa Gisenyi wanaoshinda wakifoka: mimi nitasikiliza. Nikamwagiza seremala sanduku, nikalipaka rangi ya kijani, nikalitia kufuli, na ufunguo nikauvaa shingoni. Kisha nikawahutubia kwa sauti ya waziri. Kila mtu aandike lolote linalomkera, hata kuhusu mwenzake, na wala asitie jina. Hakuna aliyeuliza swali, nami nikadhani wameguswa.

Kesho yake karakana ilikuwa kimya. Kabla ya hapo walishona huku wakisimuliana habari za Goma, nani kaoa, nani kajifungua, sukari inauzwaje ng'ambo. Sasa zilisikika cherehani tu. Mimi nikaona hiyo ndiyo nidhamu, nikawa napita nyuma ya migongo yao nikitikisa kichwa kwa kuridhika. Kilichonikera ni kwamba sanduku lilibaki tupu. Basi siku ya tano nikafanya jambo ambalo hadi leo likinijia naona haya hata nikiwa peke yangu. Nilichana karatasi katika daftari langu la oda, nikaandika kwa mkono wa kushoto kwamba patron wetu ni msikivu, Mungu amzidishie, nikaitumbukiza sandukuni. Nilijiambia ni ya kuwatia moyo.

Jumatatu mkata vitambaa, mama mtu mzima aliyezaliwa hapo hapo mpakani, alikunja aproni yake akaniwekea mezani. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki mbili, na bila mkasi wake hapakuwa na sare wala karakana. Nikamuuliza kama amepata kazi nzuri zaidi. Hakuwa ameipata.

"Patron, hapa kwetu mutu akiandika mwenzake kwa karatasi bila kutia jina yake, kuko mutu atachukuliwa," alisema taratibu. "Tuliona, wakati ya vita. Mi siwezi kufanya kazi karibu na ile sanduku."

Wenzake walikuwa wameinamia cherehani zao, na hapo ndipo nilipoelewa kimya cha wiki nzima. Walikuwa wakiogopana, na aliyewatia hofu ni mimi, msikilizaji. Nilitaka kulia. Badala yake nikavua ufunguo, nikafungua sanduku mbele yao wajionee kwamba halina kitu, maana ile karatasi yangu nilikuwa nimeisahau kabisa. Ikaanguka sakafuni. Mkata vitambaa akaiokota, akaisoma kwa sauti mpaka pale penye Mungu amzidishie, kisha akaigeuza nyuma, palipokuwa na oda ya sare kwa mwandiko wangu.

"Iko ya daftari yako," alisema.

Daftari hilo nilikuwa nikilifungia kwenye mtoto wa meza, na kila mmoja alilijua. Walijaribu kujizuia, wakashindwa. Walicheka mpaka mmoja akalala juu ya cherehani, nami nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye hakucheka. Alichukua aproni yake mezani, akaivaa upya, akaifunga polepole.

"Bon, sawa. Kama unatafuta maoni, ya kwangu nakupa na jina yangu. Toka nyuma ya migongo yetu. Leta kiti, ukae mahali tunakuona."

Nikaleta kiti. Wakanipa vifungo nishone, na cha kwanza mkata vitambaa alikitazama, akakikata kwa mkasi wake, akanirudishia shati nianze upya.