Vumbi Lililofutwa Studio

Sote watatu tuliokuwa kwenye kaunta ya studio moja ya picha ya Karatu, mpiga picha, mteja wake na mimi niliyekuwa nikisubiri zamu yangu, tunakubaliana kuhusu jambo hili: mama mkulima kutoka Baray alikuwa ameagiza picha ya vitunguu vyake vilivyofunikwa na vumbi la machimbo ya kokoto, aipeleke kwenye baraza la kata kama ushahidi.

Mpiga picha alimkabidhi shamba la kijani kibichi chini ya anga safi.

"Vumbi liko wapi?" aliuliza mama, akiisugua picha kwa kidole gumba.

"Nimeondoa ukungu wote, mama, na ile rangi ya njano. Watalii wanaokuja kuona kreta hupenda sana picha safi kama hizi."

"Kwani mimi ni mtalii, baba? Nipe ile chafu."

"Faili ghafi, ile ya kwanza ya kamera, nimeshaifuta."

"Na mvua ya jana imeshaosha majani!"

Nakubali kwamba mpiga picha hakukusudia kumdhuru mtu. Hata hivyo, hasira yangu haijapoa, kwa sababu mama alikwenda barazani na maneno matupu, dhidi ya mwenye machimbo anayekana kila kitu. Mpiga picha anasisitiza kwamba alisafisha picha. Mimi nasema aliteketeza ushahidi. Msomaji, umetusikia sote wawili, amua.