Nakshi ya Jeneza la Obwocha

Gesare hakulia alipoambiwa kwamba Obwocha, mume wake, amekufa. Alikuwa ameinamia meza katika duka la Sharon pale Masimba, akichokoa vipande vya karatasi kwa ncha ya sindano. Shemeji yake Mogire alipomaliza kusema, Gesare aliuliza tu, "Lini?" Akaendelea kuchokoa.

Sharon huchora maua kwenye kompyuta, na mashine hukata karatasi mpaka iwe kama lesi ya kitambaa cha meza. Kuihamisha lesi hiyo ni kazi ya mkono. Gesare huondoa vipunje vilivyobaki kwenye matundu, hubandika tepu pana juu yake, huinyanyua nzima, huipaka gundi mgongoni na kuilaza inapotakiwa. Akishaisugua, huibandua tepu polepole na kuitupa. Tepu ikiwa na nguvu mno huichana karatasi, kwa hiyo huigongesha kwanza kwenye leso yake hadi ipungue ulafi. Hakuwahi kukaa darasani. Kazi hii aliijulia pale pale mezani, kwa kuharibu.

Mogire alikuwa amefuata mambo mawili. La kwanza lilikuwa nakshi ya kifuniko cha jeneza, msalaba uliozungukwa na maua. La pili lilikuwa Gesare mwenyewe.

"Wazee wamekataa," alisema. "Kaburi haliwezi kuchimbwa kwa Orpah wakati nyumba ya mke mkubwa haipo. Tumeshakujengea, shemeji. Nyumba ya mabati."

"Ile nyingine mliibomoa kwa muda gani?"

Mogire alikohoa. "Hayo ya zamani tuyaache."

Ya zamani yalikuwa mafupi. Obwocha alipomleta Orpah awe mke wa pili, yeye na ndugu zake waliing'oa nyumba ya Gesare akiwa shambani anachuma majani chai. Alirudi akakuta vyombo vyake kwenye nyasi. Mwaka uliofuata wakapanda ndizi mahali pale. Mwanawe Angwenyi alikuwa bado mgongoni. Sasa Angwenyi ni fundi wa kujenga, anainua kuta za watu huku na kule, naye analala chumba cha kupanga. Kila alipokwenda Birongo, kwa baba yake, kuomba sehemu yake, ami zake walimjibu kwamba shamba hufuata nyumba ya mama, basi awaonyeshe nyumba ya mama yake iko wapi.

"Mabati mmeyatoa wapi?" Gesare aliuliza.

"Ni ya banda langu la ng'ombe."

"Na ng'ombe wananyeshewa?"

"Ah, siku mbili tu, shemeji. Ng'ombe hawafi kwa mvua."

Sharon aliinua uso kutoka kwenye kompyuta. "Mama Angwenyi, umesikia? Umepangishwa banda, na wenye banda wanalitaka."

Gesare alikuwa amesikia. Alitafuta hasira ndani yake akakosa, kama mtu anayepapasa mfuko aliokwisha kuupapasa. "Nitakuja," alisema. "Lakini nakshi nitailaza mwenyewe, huko huko, mtu asiiguse."

Siku ya mazishi aliibeba Birongo kati ya kadibodi mbili kubwa, Angwenyi akimfuata na kopo la gundi. Nyumba yake ilisimama kwenye ile migomba, mabati yakiwa na madoa ya kinyesi kilichokauka, bila kitasa mlangoni. Kaburi lilikuwa limechimbwa upande wake wa kulia. Orpah alikuwa kwenye hema, amefunikwa shuka, akilia kwa sauti. Gesare alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Kwaya ilinyamaza alipoliendea jeneza. Alipaka gundi, akailaza nakshi, akaisugua kwa upande wa ngumi. Kisha akaanza kubandua tepu, akiikunjia nyuma, kidogo kidogo. Nusu ya msalaba ikabaki kwenye mbao, nyeupe, safi. Hapo akasimamisha mkono. Mzee mmoja akajongea aone vizuri.

"Mogire," Gesare aliita bila kugeuka. "Mabati haya yataondolewa lini?"

Mogire alimsogelea. "Shemeji, maliza kwanza," alinong'ona. "Watu wanatazama."

"Ndiyo. Nikivuta sasa hivi kwa nguvu, inachanika, na kaka yako ataingia na msalaba nusu. Sema wasikie."

"Niseme nini?"

"Ulichosema dukani. Au kingine."

Wazee walikuwa wameshika fimbo zao, wanangoja. Mogire alifuta paji la uso, akageukia hema, akasema kwamba nyumba ile ni ya mke mkubwa na haitabomolewa.

"Na migomba?" Gesare aliuliza.

"Na shamba lililo mbele yake," Mogire aliongeza, taratibu, "ni la Angwenyi. Hapo atajenga."

Mzee aliyejongea akalirudia neno hilo kwa Kigusii, mbele ya watu wote. Gesare akabandua tepu iliyobaki. Hakuna petali hata moja iliyonyanyuka nayo. Akaifinyanga tepu kuwa donge, akaangaza pa kuitupa, akakosa, akaitia mfukoni.

Aliitwa kutia udongo wa kwanza, akautia. Wanawake walimwangalia usoni wakingojea machozi. Yeye alikuwa anautazama mlango wa nyumba yake, akiwaza kwamba kesho Angwenyi atautilia kitasa.