Domitila na kanda zinazowataja watu kwa majina

Saa mbili asubuhi, Domitila Shija anakata tyubu ya baiskeli kwa wembe. Anakata pete nyembamba, anaivuta kwa vidole viwili, anaitazama kwenye mwanga wa mlangoni, anaitupa. Anakata nyingine. Mbele yake, juu ya meza, kuna redio kaseti ya milango miwili iliyofunguliwa mgongo, utumbo wote nje.

Kwenye benchi amekaa Mihayo Mboje, mkulima wa pamba wa Sapiwi, kofia yake mapajani. Ametoka kwao alfajiri na hajagusa chai aliyoletewa. Jumamosi anamwoza binti yake, Precious, na kabla ya siku hiyo anataka kitu kimoja tu: wimbo unaomtaja marehemu baba yake.

"Mayu, utapatikana kweli?" anauliza, akimwita Domitila "mama" kwa Kisukuma, ingawa wamepishana umri kidogo sana.

"Tulia, baba. Kanda ni kama ng'ombe mgonjwa. Ukiikimbiza itakufia."

Fremu ya Domitila iko jirani na soko la Bariadi, mkoani Simiyu. Upande wa kushoto ni wa binti yake, Winnie, anayeuza vocha na sabufa na kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi. Upande wa kulia ni wa mama mtu, na huko ni rafu za kanda kutoka sakafuni mpaka darini. Kila kanda imeandikwa jina la mtu na kijiji chake. Ukiziangalia haraka utadhani kuna mamia ya nyimbo. Kumbe nyingi ni wimbo mmoja.

Kulielewa hilo, inabidi kurudi katikati ya miaka ya tisini, soko huria lilipoingia kwenye pamba. Kabla ya hapo mkulima alipeleka pamba yake ushirika na kusubiri malipo mpaka akasahau alichokuwa akisubiri. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na malori na mizani zao, wakagombea pamba, wakalipa papo hapo. Bariadi, wakati huo ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, ikajaa baiskeli mpya, mabati na redio kaseti.

"Mtu anauza pamba asubuhi, mchana ana redio, jioni anagundua hana kanda ya kupiga," anasema Nuruddin, mfanyabiashara aliyeuza nyingi za redio hizo na ambaye mpaka leo ana duka mtaa huohuo. Domitila alikuwa msichana wa dukani kwake. "Nikamwambia, dada, chukua hiyo ya milango miwili uwarekodie. Rekodi hata kuku, watanunua."

Domitila hakurekodi kuku. Alimfuata manju Januarius, kiongozi wa ngoma za wakulima, aliyekuwa na wimbo mmoja uliopendwa kuliko yote: ule wa kuingia kwenye kaya ya mtu na kuisifu, mwenye nyumba, watoto, ng'ombe na mpaka mbwa kama yupo. Manju alikubali kuja. Alipofika, akakaa, akaitazama redio, akakataa kufungua kinywa.

"Aliniuliza, 'Nimsifu nani? Ukuta?'" Domitila anasimulia huku akicheka. "Wimbo ule hauimbwi hewani. Anaimbiwa mtu, na mtu awepo. Nikambembeleza, hakutaka. Basi nikatoka nje nikamshika mteja wa kwanza niliyemkuta, nikamkalisha kwenye kigoda mbele yake. Hapo ndipo alipoimba."

Ukaidi wa manju ukageuka biashara. Msimu wa pamba ulipofika, wenye kaya walikuja wenyewe, mmoja mmoja, wamevaa vizuri kana kwamba wanapigwa picha. Walikaa kwenye kigoda, wakamtajia manju majina yao na rangi za ng'ombe wao, naye akaimba upya kwa kila mmoja. Domitila aliiachia kanda moja izunguke tangu mtu anapoingia mpaka anapotoka. Hiyo aliiita kanda mama. Kisha, kwa mlango wa pili wa redio, alichukua wimbo peke yake, safi, akauhamishia kwenye kanda ya mteja. Mtoto aliondoka na mwenyewe, mama alibaki dukani.

Kanda yenye jina iliuzwa mara mbili ya kanda ya kawaida, na bado watu walipanga foleni. Ndiyo iliyomjengea Domitila nyumba na kumsomesha Winnie hadi kidato cha nne. Nani angemtegemea msichana wa dukani kuwa na akili ya kuhifadhi kila mama, wakati wenzake wa Maswa na Shinyanga walifuta kanda ili kurekodi nyingine juu yake?

"Panya, bwana," anajibu kirahisi. "Panya wa huku wanapenda kanda. Nilijua wateja watarudi tu kuniomba nyingine."

Walirudi, kweli. Halafu zikaja sidii, zikaja simu, na wakaacha kurudi. Januarius naye akafariki. Kisha, miaka michache iliyopita, mtu mmoja wa Maswa akautia wimbo ule mtandaoni. Kanda aliyoipata ilikuwa ya mchuuzi wa mifugo aitwaye Kasmiri. Wimbo ukapendwa, vijana wakaupakua, na sasa ukipita mitaani Bariadi utasikia kwenye kila simu sifa za Kasmiri na zizi la Kasmiri.

"Kasmiri!" Domitila anapiga makofi. "Ng'ombe wenyewe walikuwa wachache, tena wengine alikuwa akiwatunzia watu. Nchi nzima inamsifu!"

Ndilo lililomleta Mihayo hapa. Siku wakwe kutoka Binza walipoleta ng'ombe wa mahari, vijana wake walifungulia sabufa wimbo wa kukaribisha wageni, moja kwa moja kutoka kwenye simu. Wakwe wakakaribishwa kwa sauti kubwa nyumbani kwa Kasmiri. Wakaelezwa utajiri wa Kasmiri. Mkwe mmoja mwenye utani akasimama, akauliza kama wamekosea njia.

"Walicheka, na mimi nikacheka," anasema Mihayo. "Lakini mama yangu aliinuka akaingia ndani."

Mama huyo ni Nyanjige, mjane wa Mboje. Alikuwa na sababu ya kuingia ndani, kwa kuwa kaya hiyo ilikuwa na kanda yake yenyewe. Mboje aliinunua kwa pamba yake, akaipiga mpaka majirani wakaijua kwa moyo. Alipofariki, Precious alikuwa hajazaliwa bado, redio nayo ikafa, na kanda ikabaki juu ya kabati haina kazi. Mwaka mmoja kwelea walivamia mpunga. Wakulima wa huku wanajua dawa yao: unavuta utepe wa kanda kuukuu, unaufunga toka mti hadi mti juu ya shamba, upepo ukipita unavuma na ndege wanatishika. Mihayo alichukua kanda ya kwanza aliyoiona.

"Ndege walikimbia, mpunga tulivuna," anasema, akiikunjakunja kofia yake. "Mama alipofika shambani akaona ni kanda ipi, akaniambia, 'Umemtundika baba yako juani afukuze ndege?' Neno hilo sijalimeza hadi leo."

Hakuna picha ya Mboje iliyobaki. Jina lake kwenye wimbo ule ndilo lililokuwa limebaki, na sasa liko kwenye kanda mama moja tu, iliyokaa rafuni miaka zaidi ya ishirini na yenye ukungu mweupe pembeni. Ikikatika vibaya, basi tena.

Winnie alijaribu njia yake. Aliutafuta wimbo mtandaoni wee, akakuta Kasmiri na Kasmiri mwingine. Akajitolea kukata kile kipande cha jina ili ubaki wimbo mtupu. Mihayo akakataa. Nyumba isiyo na mwenyewe itamkaribishaje mgeni?

"Mimi siwalaumu watu na simu zao," anasema Winnie. "Nani ana pa kupigia kanda siku hizi? Wimbo uko mfukoni, unabonyeza, unacheza."

Mama yake hagombani naye. Yeye mwenyewe husikiliza kwaya kwenye simu akiwa anapika. "Simu ni nzuri," anasema. "Lakini bando likiisha wimbo umeondoka, na ukirudi unamtaja mtu mwingine."

Sasa pete ya tyubu imepatikana. Domitila anaivisha kwenye magurudumu ya redio mahali pa mkanda uliolegea, anafunga mgongo, anajaribu kanda isiyo na thamani. Sauti inatoka nzito, inaburuza kama mlevi anayetafuta kwake. Anafungua, anakata pete iliyo fupi zaidi. Safari hii sauti inasimama sawasawa.

Ndipo anapoichukua kanda ya Mboje. Anaifungua skrubu zake, anaufuta utepe polepole kwa pamba na spiriti, kipande baada ya kipande. Panapokaribia kukatika anapaunga kwa selotepu aliyoichana nyembamba kwa wembe. Mihayo ameacha kuuliza. Nje wanapita watu wakisalimiana mwangaluka, mwangaluka, na ndani ya fremu hata Winnie ameweka simu chini. Ni kazi ya mikono inayopendeza kuitazama.

Anabonyeza. Kunatoka mkwaruzo, halafu kigoda kinasogezwa, halafu manju Januarius anaingia na wimbo wake. Anapiga hodi kwenye kaya ya Mboje wa Sapiwi. Anamsifu mwenye nyumba kwa jembe lake. Anafika zizini, anaanza kumsifu fahali mweupe, mweupe kama pamba ya daraja la kwanza.

"Simama! Simama hapo hapo!" inafoka sauti nyingine kutoka ndani ya redio.

Mihayo anainuka. Kofia inaanguka.

"Huyo mweupe ni wa shemeji yangu!" sauti inaendelea. "Wangu ana madoa. Nimekwambia madoa, manju. Siwezi kulipia sifa za ng'ombe wa mtu. Anza upya!"

Manju anasikika akicheka, anajaribu kuendelea, anakatizwa tena. Mkono wa Domitila unakwenda kwenye kitufe, kwa mazoea ya siku nyingi. Wimbo safi uko mbele kidogo. Huo ndio aliouhamishia kwenye kanda ya mteja wakati ule, huo wenye madoa yake. Haya mengine yalikuwa makosa ya kurekodi.

Mihayo anaushika mkono ule. Machozi yanamtoka waziwazi na hayafuti.

"Usikate, mayu. Huyo ni baba. Usikate hata neno."

Domitila anaondoa mkono, anakaa chini, naye anajifuta macho kwa upindo wa kitenge. Kanda inazunguka mpaka mwisho. Winnie anachomeka waya, wanairudisha mwanzo, na inaingia kwenye flashi yote, mkwaruzo na kigoda na ugomvi.

Jumamosi, Sapiwi, sabufa imewekwa chini ya turubai. Wakwe wa Binza wamefika wengi, yule mwenye utani akiwa mstari wa mbele, ameshajiandaa kuuliza njia. Nyanjige amekaa kwenye kiti chenye mto, karibu na bibi harusi. Hajaambiwa kitu. Domitila, aliyealikwa kama ndugu, amesimama kando ya sabufa.

Manju anapiga hodi kwa Mboje wa Sapiwi, na wageni wanashangilia. Anaingia zizini. Anamsifu fahali mweupe.

"Simama! Simama hapo hapo!"

Watoto wanamtafuta anayefoka. Precious, ambaye hajawahi kuisikia sauti hiyo, anamgeukia bibi yake. Mboje anafoka kuhusu madoa, anafoka kuhusu shemeji, manju anacheka, Mboje anaendelea kufoka.

Nyanjige hainuki wala hapandishi sauti. Anaongea na sabufa kama mtu anayeongea na mwenziwe aliye chumba cha pili.

"Mboje, hebu mwache mwenzio aimbe."

Na kwenye kanda, Mboje ananyamaza. Manju anakohoa kidogo, anaanza upya.

Vigelegele vilivyofuata havikuwa vya kawaida. Yule mkwe mwenye utani alivua kofia. Nyanjige alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika, na mpaka leo waliokuwa pale wanabishana kama alikuwa akilia au akicheka. Precious, aliyekuwa amemshika mkono, anasema ni vyote viwili.

Jumatatu asubuhi Domitila yuko tena mezani kwake, tyubu na wembe mkononi. Ana mpango mpya, na Winnie ameukubali: kanda mama zote zihamishwe, nzimanzima, bila kukata kikohozi wala ugomvi. Wengi wa wenye majina wameshafariki, na wengine hajui kaya zao zimehamia wapi. Kwa hiyo kila siku ya mnada wa ng'ombe ataweka sabufa mlangoni na kupiga moja, tangu mtu anapoingia mpaka anapotoka, akitumaini kwamba katika umati ule atapita mtoto au mjukuu wa mwenye jina.

"Miaka yote nilifikiri ninachouza ni wimbo," anasema.

Na kanda ya Kasmiri, nayo itapigwa?

"Ipo, na yeye anabishana humo!" Anacheka mpaka anaweka wembe chini. "Anamlazimisha manju aongeze ng'ombe. Lakini yeye asubiri. Kwanza wale ambao hakuna anayewaita."

Anainuka, anachukua kanda nyingine rafuni, anaipuliza vumbi, anasoma jina.