Pamba Safi, Pamba Fifi

"Huyu atarudi hapa kupakia magunia," karani wa mizani wa ghala la pamba alimwambia mama mbele ya watu, wakacheka, siku nilipopata nafasi katika shule ya Tororo. Leo stashahada yangu ya fasihi imetundikwa sebuleni, hapa hapa Masaba, mashariki mwa Uganda. Aliyecheka aje aisome.

Ghala hilo lilinuka vumbi na mafuta ya mbegu. Miaka ile ya sitini, kabla ya kwenda kuuza, mama alitandika mkeka uani tukatenga pamba: nyeupe huku, ndiyo safi, yenye madoa kule, ndiyo fifi, ya bei ya chini. Madoa yaliletwa na mvua na wadudu. Hata hivyo karani alichota kiganja cha pamba kutoka gunia la safi, akasema, "Fifi hii, mama." Bei ikashuka. Mama akapokea alichopewa.

Shuleni, mwalimu Mwingereza alitusomesha riwaya za enzi za Malkia Victoria. Moja ilihusu yatima wawili, vibarua wa kiwanda cha nyuzi. Mpole, aliyeshukuru hata kwa ukoko, alichukuliwa na tajiri mwenye kiwanda. Mwenzake aliyedai ujira wake alifia barabarani. Tukaambiwa tuandike insha kuhusu wema wa tajiri. Mimi niliandika kwamba mwandishi anatenga maskini kama mama anavyotenga pamba, ila mama anajua doa limetoka wapi. Mwishoni nikauliza: tajiri huyu, nani amempa mizani?

Nilipata sifuri. "Andika upya, kwa adabu," mwalimu alisema, "au hupati barua yangu ya kuendelea na masomo."

Nilimweleza mama. Vidole vyake vilikuwa vimechanwa na vikonyo vya pamba.

"Umeandika uongo?"

"Hapana, mama."

"Sasa unaandika tena nini?"

Sikuandika. Barua sikupata. Nilivuka mpaka pale Busia, nikapasua mawe upande wa Kenya huku nikisoma kwa njia ya posta, miaka mingi, mpaka nikahitimu. Hakuna tajiri aliyenichukua.

Ghala lile sasa ni kuta na popo. Lakini mwezi uliopita nilikaa katika kamati ya kufadhili wanafunzi. Fomu inauliza kama mtoto ni mtiifu na ana shukrani! Mwenyekiti aliishika ya msichana aliyebishana na mwalimu wake. "Huyu kichwa kigumu," alisema, akinyooshea kidole rundo la waliokataliwa. "Tumweke kule."

Kule! Harufu ya ghala ikanijaa puani. Nikaichukua ile fomu, nikaiweka juu ya zote zilizokubaliwa.

"Mheshimiwa," nikamwuliza, "nani amekupa mizani?"

 Nikatia sahihi kwamba asomeshwe.