Nilichagua Programu kwa Uzuri wa Salamu

Kosa ni langu, msinitafutie mtetezi! Nina karakana hapa Kasulu. Darasa la nne sikulimaliza, lakini mageti mengi mnayopita hapa mjini nimeyachomelea kwa mkono huu. Basi nikajiona hakuna cha kunishinda.

Wanaonichorea mashine kwenye kompyuta ni wawili: Skola, injinia, binti wa Kibondo, na Baraka anayemsaidia. Michoro ilipokuwa mingi ikaanza kuchanganyika. Skola akaniambia tununue programu ya kuitunza.

"Mzee, tunataka inayofunga mchoro. Nikiushika mimi, Baraka asiuguse mpaka niuachie."

"Kama jembe," nikasema.

"Kama jembe, mzee. Umeelewa."

Nilielewa! Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilielewa kabisa!

Wakaja wauzaji wawili. Wa kwanza alikuwa msichana. Shikamoo moja ya haraka, akafungua kompyuta yake, akaonyesha ile kufuli anayoitaka Skola. Hata mvua hakuiulizia!

Wa pili alikuwa mtu mzima. Alisimama mlangoni, akainama kidogo, akaanza kupiga makofi ya salamu ya Kiha, polepole, kama tulivyofunzwa na baba zetu. "Mwakeye!" Akamuulizia mke, akaulizia watoto, akaulizia maharage, akaulizia mbuzi. Salamu ilipofika kwenye mbuzi, mimi moyoni nilishanunua.

"Mzee, yake haina kufuli," Skola akaninong'oneza.

"Ana adabu huyu. Mwenye adabu hauzi kitu kibovu."

"Haya. Tukikwama tutachorea kwenye adabu yake."

Nikacheka, nikainunua. Loo, nilicheka!

Tukapata kazi ya akina mama wa Kumsenga, mashine ya kukwangua mihogo. Skola akanenepesha shafti kwenye mchoro. Kumbe Baraka alikuwa ameufungua mchoro uleule kabla haujabadilishwa, anahamisha matundu ya bolti. Yeye ndiye aliyehifadhi mwisho. Programu ikaimeza kazi ya Skola, kimya! Mafundi wakachonga shafti nyembamba.

Siku ya kuiwasha mashine, akina mama walishamenya mihogo, imejaa mabeseni. Ikanguruma kidogo, shafti ikapinda kama mkia wa mbwa. Kiongozi wao, Mama Odilia, akaniangalia.

"Baba, tukuletee mwiko uikoroge?"

Na mimi nikamfokea nani? Skola! Mbele ya mafundi wote, bila kuuliza. Akavua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaenda kupanda gari la kwao Kibondo.

Alipokwisha kuondoka, Baraka akanijia. "Mzee, aliyehifadhi mwisho ni mimi. Na kufuli haikuwepo."

Jamani! Mama Odilia anataka mashine yake, na wa kuichora upya nimemfukuza kwa mdomo wangu. Nikampigia simu yule muuzaji mwenye adabu. Alinisalimia vizuri sana! Mbuzi akawaulizia wote. Kufuli, hana.

Nikaifuata njia ya Kibondo. Skola nilimkuta uani kwao anachambua maharage. Kwetu mdogo ndiye anayeanza makofi. Siku hiyo nikaanza mimi, na mvi zangu. "Mwakeye, mwanangu." Akaniacha nipige! Nikamuulizia mama yake, nikaulizia kuku, nikaulizia shamba. Viganja vikawaka moto. Jirani akachungulia uani, akacheka waziwazi.

"Mzee, mbuzi umewasahau," Skola akasema.

"Mbuzi hawajambo?"

"Hawajambo. Programu anachagua nani?"

"Wewe."

"Na ukinifokea tena?"

"Nifungie nje ya karakana."

Hapo ndipo akaweka ungo chini, akaitikia kwa makofi.

Wazee wenzangu, mtu akiwasalimia vizuri mpeni kiti, mpeni na ugali. Kununua, waachieni watakaokishika hicho kitu kila siku. Sasa hivi mchoro wa Kumsenga anao Skola, ameufunga kwa programu ya yule msichana. Nikiuliza shafti imefikia wapi, naambiwa nisubiri.

Na mimi, mwenye karakana yangu, nasubiri!